Mizania ya Mwalimu: Masomo ya Biashara kwa Njia ya Mtandao, Butembo na Beni

Kila mwisho wa mwaka, mfanyabiashara mwaminifu hufunga vitabu vyake. Huhesabu kilichomo dukani, huandika anachodai na anachodaiwa, kisha huitazama tarakimu ya mwisho bila kujidanganya. Nimewafundisha vijana kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 25, kwa kuwa ninawaandaa walimu watakaofundisha biashara na uhasibu katika shule zetu za sekondari. Leo naomba ruhusa yenu nifunge kitabu changu mwenyewe, juu ya jambo moja tu: jinsi sisi wahadhiri wa masomo ya biashara tulivyoipokea intaneti, na jinsi mimi nilivyoikataa mpaka mtoto wa watu akapoteza mwaka mzima.

Naanza na deni, maana deni halifichwi.

Ilikuwa Novemba 2019. Jeshi lilikuwa limeanza operesheni katika misitu ya Beni mwishoni mwa Oktoba, na wauaji wakalipiza kisasi juu ya raia, vijiji kwa vijiji. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Oicha, yapata kilometa 30 kaskazini mwa mji wa Beni, alikuwa amekwenda kwao kufanya mazoezi ya kufundisha. Siku ya kuwasilisha kazi huku Butembo ilipofika, njia ilikuwa haipitiki. Aliniandikia kwa WhatsApp: «Papa Mwalimu, tumekwama. Maandalio yote ya masomo nimeyaandika kwa mkono na nimeyapiga picha. Naomba uyapokee hivi.» Picha zikafuata, 14 kwa hesabu, zinasomeka vizuri.

Nilimjibu kwa maneno ambayo hadi leo yananichoma: «Binti yangu, kazi ya chuo huletwa mezani, haiwekwi kwenye simu.» Sikuzifungua picha zile hata moja. Kikao cha mtihani kikapita, jina lake likaandikwa miongoni mwa waliokosa, naye akatakiwa kuurudia mwaka.

Mtu asidhani kwamba nilikuwa sijui kutumia simu. Kwa simu ile ile tulikuwa na kikundi cha makatekista wa parokia. Humo tulitangaziana misiba, tukapangiana zamu za mafundisho, tukatumiana salamu za sikukuu. Niliona ni halali habari ya kifo ipite kwenye simu, lakini kazi ya mwanafunzi aliyekimbia kifo isipite. Niliita msimamo huo uaminifu kwa kanuni. Leo naujua jina lake halisi: ulikuwa uvivu uliovaa koti la sheria.

Miezi minne baadaye, meza yangu nayo ilifungwa. Tarehe 18 Machi 2020 Rais wa Jamhuri alitangaza kwamba shule na vyuo vikuu vinafungwa kwa sababu ya korona. Huku kwetu tulikuwa bado hatujatoka katika Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ambayo mwisho wake haukutangazwa mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Kunawa mikono mlangoni tulikuwa tumekwisha kuzoea. Kufundisha bila chumba, bila ubao na bila chaki, hilo hatukulijua.

Nilifanya lile ambalo wahadhiri wengi walilifanya. Nilichukua maandiko yangu ya somo, kurasa 60, nikayapeleka kwenye duka la fotokopi yageuzwe kuwa faili, kisha nikayatupa kwenye kikundi cha wanafunzi na kuandika: «Someni, tutaonana.» Nikajiona nimefundisha kwa njia ya kisasa. Kikundi kikakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu kijana mmoja aliandika kwa adabu: «Papa, faili yako imekula mega zangu zote, na haikufunguka.»

Usiku ule nilimkumbuka binti wa Oicha. Alikuwa amehamia Beni kwa mama yake mdogo, anauza unga. Nilimpigia simu kwanza kumwomba msamaha, kisha, kwa aibu, kumwomba msaada. Hakunicheka. Alinieleza kwamba picha hupunguzwa ukubwa kabla ya kutumwa; kwamba swali huandikwa ndani ya ujumbe wenyewe ili asiye na mega nyingi alisome; kwamba ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, na uanze kwa kutaja namba ya zoezi, ili anayesikiliza kwa simu ya jirani asipotee. Mwalimu wa walimu alifundishwa kazi yake na mwanafunzi aliyemkataa.

Baadaye nilipata kusoma jambo lililonipa maneno ya kulieleza kosa langu. Mwaka 2006 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Punya Mishra na Matthew Koehler, walitoa makala juu ya ujuzi anaouhitaji mwalimu anapotumia vyombo vya teknolojia. Walijenga juu ya kazi ya Lee Shulman, ambaye mwaka 1986 alionyesha kwamba kulijua somo si sawa na kujua kulifundisha. Mishra na Koehler wakaongeza ujuzi wa tatu, ule wa chombo chenyewe, na wakasisitiza kwamba jambo kuu ni pale ambapo aina hizo tatu hukutana. Mimi nililijua somo, na ualimu niliujua. Simu nayo niliijua, lakini kwa misiba na sikukuu. Sikuwa nimejiuliza kamwe: katika uhasibu, ni kitu gani ambacho chombo hiki kinakionyesha kuliko chaki?

Nilipojiuliza, majibu yalikuja, nami nitawapa matatu.

La kwanza ni jedwali la hesabu kwenye kompyuta au simu. Huku kwetu mfanyabiashara hununua kwa dola na kuuza kwa franka. Tuseme mama mwenye kioski amenunua katoni ya sabuni kwa dola 10, siku ambayo dola moja ni franka 2,000. Ametoa franka 20,000. Anaiuza yote kwa 22,000, na deftari lake linasema amepata faida ya 2,000. Anaporudi kununua katoni nyingine, dola imefika franka 2,300. Sasa anahitaji 23,000, naye anazo 22,000. Deftari linasema amepata, mfuko unasema amepoteza. Ubaoni nilikuwa nikiufanya mfano huu mara moja, chaki ikaisha, saa ikaisha. Ndani ya jedwali, mwanafunzi hubadilisha tarakimu moja tu, ile ya thamani ya dola, na safu zote hujibadilisha mbele ya macho yake. Hujaribu 2,100, hujaribu 2,500, mpaka anagundua mwenyewe bei ambayo mama yule angepaswa kuuza ili asile mtaji wake. Kijana mmoja alitoka katika zoezi lile akaenda moja kwa moja kwa mama yake sokoni.

La pili ni sheria zenyewe. Nchi yetu ilijiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na ule mpango wetu wa uhasibu wa mwaka 1976 ukaanza kuachwa. Wengi wetu tulijifunza utaratibu mpya kwa haraka katika semina za siku chache, tukanakili, tukarudi darasani. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2018 utaratibu huo wenyewe ulirekebishwa. Nami niliendelea kufundisha jedwali moja la fedha kama nilivyolinakili, mpaka mwanafunzi wa safu ya nyuma aliponyosha mkono na simu yake: «Mwalimu, naomba samahani. Jedwali hili limeondolewa. Mahali pake sasa pana jedwali la mtiririko wa fedha taslimu.» Alikuwa ameisoma sheria yenyewe kwenye intaneti. Maktaba yetu haikuwa na kitabu hicho, na mimi, mwenye somo, sikuwa nimekitafuta. Nadhani hofu hii huwazuia wahadhiri wengi kuliko ukosefu wa umeme: mtandao unampa mwanafunzi uwezo wa kumkagua mwalimu. Na mkaguzi, kama tunavyofundisha wenyewe, si adui wa mwenye vitabu safi.

La tatu ni lugha. Uhasibu wetu huandikwa kwa Kifaransa, lakini biashara ya Butembo na Beni hufanywa kwa Kiswahili na Kinande. Mwanafunzi hukariri «actif» na «passif» bila kujua kwamba mama yake hutenganisha mambo hayo kila jioni, anaposema: «Hii ndiyo mali, na hivi ndivyo ilivyopatikana, hii ni yangu, hii ni ya mkopo.» Katika ujumbe wa sauti wa dakika mbili nilipata uhuru ambao darasani sikujipa: kueleza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeongea na mwanawe. Wanafunzi waliniambia kwamba walirudia kusikiliza mara nne, mara tano. Ubao hauna subira hiyo.

Hata hivyo, mizania yenye upande mmoja si mizania. Yapo mambo ya upande wa pili.

Umeme wetu ni wa shida, na mwanafunzi hulipa kwenye kibanda ili simu yake ichajiwe. Mega nazo hununuliwa kwa fedha ambayo nyumbani ingenunua mboga. Kwa hiyo anayesema «masomo yote yawe mtandaoni» amewatenga maskini kabla hata ya kufungua mdomo kufundisha. Tena mtandao wenyewe unaweza kunyamazishwa. Tunakumbuka jinsi intaneti ilivyokatwa nchini kote tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao sisi wa Beni na Butembo hatukuruhusiwa kuufanya siku ile, na ikakaa karibu wiki tatu bila kurudi. Asiwepo mwalimu wa kuitegemea njia moja peke yake.

Kuna pia hatari ya kuanika siri za watu. Katika zoezi moja niliwaomba wanafunzi walete picha ya deftari halisi la madeni kutoka katika familia zao, tuligeuze kuwa kitabu cha hesabu cha kisasa. Mama wa mwanafunzi mmoja alinijia amekunja uso: «Mwalimu, unataka kuniletea watu wa kodi? Na hawa wanaonidai na ninaowadai, unataka majina yao yasomwe na mji mzima?» Alikuwa na haki. Nilikuwa sijafikiri hata kidogo kwamba picha ikishaingia katika kikundi cha watu 40 haina mwenyewe tena. Tangu siku hiyo majina hufutwa kabla ya picha kupigwa, tarakimu hubadilishwa, na mwenye deftari huombwa ruhusa. Nimelifanya jambo hilo kuwa somo kamili, kwa sababu mhasibu asiyejua kutunza siri hafai, hata akiwa hodari wa kujumlisha.

Na sasa niseme lile ambalo sisi walimu hatupendi kulisema. Katika vyuo vingi vya nchi yetu mhadhiri huwauzia wanafunzi maandiko ya somo lake, yale tuyaitayo silabusi. Wako wanaofundisha miaka na miaka bila majina yao kuingizwa katika orodha ya mishahara ya Serikali. Fedha ya silabusi ndiyo inayowanunulia unga. Ukimwambia mtu huyo aweke maandiko yake mtandaoni bure, umemwambia aache chakula. Nami niliyauza kwa miaka mingi. Sikuwa mwizi, lakini nilijua kwamba kuna mwanafunzi anayeshindwa kununua, naye hunakili kwa mkono usiku kucha. Katika mashauri yetu mengi juu ya teknolojia tunazungumza juu ya kompyuta na mafunzo, wala hatuligusi jambo hili. Basi kompyuta huja, nayo maandiko hubaki kabatini. Asiyetaka kujadili riziki ya mwalimu asishangae kwamba mtandao wa chuo chake ni mtupu.

Siku moja, nikiwa katika kuyawaza hayo, nilimkumbuka Luca Pacioli. Kila mwanafunzi wa uhasibu hulisikia jina lake: Mfransiskani, mwalimu wa hesabu, ambaye mwaka 1494 alichapisha kule Venezia kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake sehemu inayoeleza namna ya kuandika vitabu vya biashara kwa pande mbili. Nilikuwa nikilifundisha jina hilo kama tarehe ya kukariri. Lakini tazameni alichokifanya. Njia ile hakuibuni yeye. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiitumia tangu zamani. Yeye aliichukua, akaieleza kwa lugha ya watu badala ya Kilatini cha wasomi, akaipeleka kwenye mtambo wa kupiga chapa, chombo kipya cha siku zake. Ujuzi uliokaa katika vyumba vya matajiri ukatoka nje, ukavuka milima na bahari, mpaka ukafika kwetu Butembo. Kama angesema, «Atakaye kujua aje mezani kwangu,» huenda mimi nisingekuwa na somo la kufundisha.

Kwa hiyo nimejiwekea desturi chache, ninazowapa pia vijana wanaokwenda kuwa walimu. Kila zoezi la mtandaoni lina nakala ya karatasi, ikae mahali ambapo asiye na simu ataipata. Wanafunzi hugawanywa watatu watatu, ili simu moja itoshe, naye mwenye simu asiwe mkubwa wa wenzake. Muda wa kurudisha kazi huwa siku saba, maana katika siku saba njia huweza kufungwa na kufunguliwa, umeme huweza kwenda na kurudi. Kazi iliyotumwa kwa simu hupokewa, kisha mwenye kazi huulizwa maswali mawili matatu kwa mdomo, hata kwa simu, ili nijue kama ni yake. Chuo chenye uwezo kidogo kinaweza kutumia Moodle, programu iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ambayo haiuzwi, na ambayo humruhusu mwanafunzi kupakua somo palipo na mtandao na kulisoma pasipo na mtandao. Kwa watu wanaoishi kwenye barabara ya Oicha, hilo la mwisho si jambo dogo.

Maandiko yangu sasa hutolewa bure. Siwezi kusema kwamba haikuniuma. Mke wangu ndiye aliyefanya hesabu ya pengo lile, akaongeza mashina ya viazi shambani, wala hakulitaja tena.

Imebaki tarakimu ya mwisho. Tarehe 10 Agosti 2020, wanafunzi wa madarasa ya mwisho waliporudi, nilimtafuta binti yule ili arudi chuoni. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwa wakuu na kukiri kwamba kosa lilikuwa langu. Nao walikubali. Lakini baba yake alikuwa ameuawa shambani mwezi Mei, na wadogo zake wanne walikuwa mikononi mwake. Nilikwenda mpaka Beni kumpa pole. Tulikaa juu ya magunia, akiendelea kupima unga na kuandika. Nilimwomba msamaha kwa mara ya pili, uso kwa uso. Alisema: «Papa, mimi nilikusamehe siku ile uliponipigia simu. Lakini mwaka ule haukurudi.»

Ndugu wapendwa, msamaha nimeupata, na deni limebaki palepale. Katika uhasibu tunajua kwamba anayedai anaweza kulifuta deni lake, lakini kitabu lazima kionyeshe kwamba lilikuwapo. Ndiyo maana nimeliandika.

Wadogo zake wawili wako shuleni, katika kitengo cha biashara. Jioni, wanapokwama, hunitumia picha ya zoezi. Mara nyingi hainifikii mpaka usiku wa manane, mtandao unapokuwa mwepesi. Mimi huamka, huvaa miwani, nami huifungua.

Kwa mwezi huu nawaachia maswali mawili tuyatafakari katika jumuiya zetu. Katika parokia yako, ni chumba gani chenye mwanga wa jua juu ya paa ambacho kingeweza kufunguliwa jioni kwa wanafunzi wasio na umeme? Na wewe mwenye meza, uwe mwalimu, karani au kiongozi, ni nani aliyekutumia kazi yake kwa njia pekee aliyokuwa nayo, ukakataa kuifungua?

Amani iwe nanyi.